Kelele Nayo Iandikwe

"Nani anapiga kelele huko nyuma?" Hakuna mwanafunzi wa shule hii, awe wa kidato cha kwanza au cha nne, asiyelijua swali hilo. Kiranja wa darasa anashika kalamu, karatasi inajaa majina, na kabla ya kengele ya mapumziko orodha imekwisha kufika mezani kwa mwalimu wa zamu. Kelele kwetu ni kosa. Ni taka za masikio, na dawa ya taka ni ufagio.

Ndugu msomaji, sikuja hapa kuwatetea wapiga kelele wa darasa letu. Baadhi yao ni majirani zangu wa dawati na nawajua vyema, wakisikia nimewatetea hatutalala. Nimekuja kuitetea kelele nyingine, ile ya maabarani. Wanafizikia hulitumia neno hilohilo kwa maana ya kuyumbayumba kokote kusikotabirika, hata kama hakusikiki kwa sikio. Mshale wa ameta unaotetemeka ni kelele. Mwanga wa leza unaopanda na kushuka kidogo kidogo ni kelele. Vipimo vitatu vya kitu kimoja ambavyo havilingani, hiyo nayo ni kelele. Maoni yangu ni kwamba kelele hii tunayoifuta kwa kifutio katika madaftari ya maabara si taka hata kidogo. Ni sehemu ya jibu lenyewe, na anayeifuta anafuta fizikia.

Najua wako watakaosema, "Huyu naye ameanza!" Basi nipeni nafasi nijieleze.

Mtakumbuka kwamba tulipokuwa mamono tulionyeshwa kisanduku cha kioo kilichojaa moshi. Ukichungulia kwa hadubini uliona vitone vya mwanga vikirukaruka ovyo kama siafu waliomwagiwa majivu. Mwaka 1827 Mskoti mmoja mtaalamu wa mimea, Robert Brown, aliuona mtukutiko kama huo katika chembechembe za chavua zilizokuwa majini. Mwaka 1905 Albert Einstein akaeleza kinachotendeka: molekuli za maji zisizoonekana zinaipiga kumbo kila chembe kutoka pande zote, na kila wakati kuna upande unaopigwa zaidi kidogo. Jean Perrin wa Ufaransa akaupima mtukutiko huo kwa uangalifu, na mwaka 1926 akapewa Tuzo ya Nobeli. Zingatia jambo hili. Atomi, ambazo wazee wenye ndevu zao walikuwa wakibishania kama zipo au hazipo, zilithibitishwa kwa kelele. Lau Perrin angekuwa mtu wa kifutio, angebaki na daftari safi lisilo na kitu.

Umeme nao una kelele yake. Mwaka 1928 huko Marekani, John Johnson alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba waya wowote wenye joto, hata usipounganishwa na betri, una umeme mdogo unaotikisika ndani yake. Mwenzake Harry Nyquist akatoa hesabu yake. Waya ukipata moto zaidi, kelele inazidi. Huwezi kununua waya wa bei ghali ukaikwepa, kwa sababu elektroni zenyewe ndizo zinazohangaika kwa lile joto.

Sasa tuingie kwenye kiini cha mada, yaani vitu vyenye hali mbili. Kidato cha pili tulifundishwa juu ya vitu vilivyotulia imara na visivyotulia imara. Kalamu ile ya kubofya ina hali mbili imara, ncha ikiwa ndani au ikiwa nje. Swichi ya stima ukutani ni vilevile. Ukiibonyeza nusu na kuachia, hairidhiki na nusu, inakwenda upande mmoja. Lililo rahisi zaidi kuwazia ni sinia yenye mabonde mawili na kilima katikati, halafu gololi moja. Gololi inakaa bonde la kushoto au la kulia. Juu ya kilima haikai.

Itikise hiyo sinia kidogo. Gololi inacheza ndani ya bonde lake tu. Itikise kwa nguvu zaidi, na iko siku itapata kumbo la bahati iruke kilima. Itachukua muda gani? Swali hili lilijibiwa na Mholanzi Hendrik Kramers mwaka 1940, na jibu lake lilinishangaza sana. Muda wa kungoja haufuati urefu wa kilima hatua kwa hatua, bali unarefuka mara dufu juu ya dufu. Nilichukua kitabu cha logarithimu nikapiga hesabu ya kukadiria, nikisema gololi inajaribu kuruka mara moja kila sekunde. Kilima kikiwa mara 5 ya nguvu ya kelele, gololi itangoja kama dakika mbili na nusu. Kikiwa mara 10, itangoja takriban saa sita. Na kikiwa mara 20? Miaka kumi na mitano! Yaani kilima kimeongezeka maradufu tu, na kungoja kumetoka asubuhi moja shuleni hadi karibu umri wangu mzima. Basi ukitaka kujua kitu chenye hali mbili kitakaa hali gani na kwa muda gani, huwezi kuuliza juu ya kilima peke yake. Sharti uulize kelele ni kiasi gani.

Gololi ni mchezo wa watoto, mtasema. Hapana. Wataalamu wana sinia ya namna hiyo iliyotengenezwa kwa mwanga, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Binamu yangu anayesomea fizikia katika chuo kikuu kimoja ndiye aliyenifungua macho, nami nitajaribu kuieleza bila kuwachosha.

Chukua semikondakta, yaani kitu kisichopitisha umeme kwa wepesi kama shaba wala kuuzuia kabisa kama mpira. Silikoni ndiyo maarufu, lakini kwa kazi ya mwanga wataalamu hupenda kitu kiitwacho galiamu arsenaidi. Tabaka jembamba lake linawekwa katikati ya vioo viwili vinavyotazamana. Nafasi kati ya vioo hivyo aghalabu haizidi mikroni chache, ilhali unywele wa kichwa chako una unene wa mikroni kama sabini. Ukiingiza mwanga humo, fotoni zinagonga kioo hiki na kile kwa kasi ya ajabu. Mara fotoni inamezwa na semikondakta, elektroni inaruka kutoka mahali pake na kuacha tundu, na hiyo elektroni na tundu lake zinakaa pamoja kama mtu na kivuli chake. Jozi hiyo huitwa eksitoni. Mara elektroni inarudi tunduni, fotoni inazaliwa upya. Inamezwa tena, inazaliwa tena, haraka haraka kiasi kwamba huwezi tena kusema hii ni fotoni au hii ni eksitoni. Ni kitu cha tatu, nusu mwanga na nusu mada, kiitwacho polaritoni. Mwaka 1992 Claude Weisbuch na wenzake walikiona kwa mara ya kwanza ndani ya vioo vya namna hii. Mimi nakiita popo, maana popo naye ukimwita ndege ana meno na ukimwita mnyama ana mabawa.

Popo hawa wana tabia moja ambayo mwanga wa kawaida hauna. Mihimili miwili ya tochi ikikutana inapita tu, hakuna anayemjali mwenzake. Polaritoni, kwa ile nusu yake ya mada, zinasukumana. Zikijaa, nishati ya kila moja inapanda kidogo. Hapo ndipo hali mbili zinapozaliwa, na mfano wa bembea unasaidia sana.

Wazia bembea ya ajabu ambayo kadiri inavyokwenda mbali ndivyo mdundo wake unavyozidi kuwa wa haraka. Wewe unaisukuma kwa mdundo wako usiobadilika, ambao ni wa haraka kidogo kuliko wa bembea. Mwanzoni hampatani. Unaisukuma inapokuja, unaikosa inapokwenda, nayo inacheza kidogo tu. Ongeza nguvu. Bembea inakwenda mbali kidogo, mdundo wake unapanda kidogo, unakaribia wako. Ongeza tena, na ghafla midundo inakutana. Hapo bembea inaruka juu kwa mkupuo! Sasa punguza nguvu. Itashuka? Haishuki, kwa sababu imekwisha kuwa katika mdundo wako, na nguvu ileile ambayo mwanzoni haikutosha kuipandisha sasa inatosha kuishikilia. Hadi upunguze sana ndipo inapoporomoka.

Leza ndiyo msukumaji, na popo wetu ndio bembea. Tuseme, kwa namba zangu za mfano, mwanga ndani ya vioo unaruka juu leza ikifika 10, na unaanguka leza ikishuka hadi 6. Leza ikiwa 8, je, ndani kuna mwanga mwingi au mchache? Hakuna ajuaye mpaka aambiwe leza ilitoka wapi. Ilipanda kutoka 5? Mchache. Ilishuka kutoka 12? Mwingi. Kifaa kinakumbuka! Kitu kinachokumbuka moja kati ya hali mbili ni ghala la kumbukumbu, kama zile chembe za kumbukumbu ndani ya kompyuta. Ndiyo maana hali mbili za mwanga zilipoonekana katika mvuke wa sodiamu mwaka 1976, na katika semikondakta mwaka 1979, watu wengi walianza kuota kompyuta za mwanga. Katika miaka ya 1980 matumaini yalikuwa makubwa kwelikweli. Hadi leo kompyuta tunazotumia zinafanya hesabu zake kwa elektroni.

Je, kelele inaingilia wapi? Inaingilia kila mahali. Fotoni haziji kwa mstari kama sisi kwenye gwaride, zinakuja kwa vishindo, sasa nyingi sasa chache. Zinavuja kupitia vioo vilevile kwa kubahatisha. Kwa hiyo ile 10 na ile 6 nilizozitaja si kuta za mawe. Leza ikifika 9 na ikakaa hapo, kumbo la bahati linaweza kuupandisha mwanga kabla ya wakati. Ikishuka hadi 7, kumbo jingine linaweza kuuangusha. Ukiwa na haraka, unazipita namba hizo kabla kumbo halijatokea, nawe utaona tofauti kubwa kati ya njia ya kupanda na njia ya kushuka. Ukienda polepole, kelele inapata muda wa kufanya kazi yake na zile njia mbili zinakaribiana. Jambo hilo lilipimwa karibu na Paris na kuchapishwa mwaka 2017 na Said Rodriguez na wenzake. Kadiri walivyoipandisha na kuishusha leza taratibu zaidi ndivyo uwazi kati ya njia mbili ulivyozidi kunywea.

Nilipoyasoma hayo nilikaa kimya kidogo. Fikiria wenyewe: namba ambayo mtu angeiandika kwenye daftari kama "kizingiti" inategemea haraka ya aliyepima. Wapimaji wawili waaminifu, mmoja mpole na mwingine mwenye pupa, watapata majibu mawili na wote wawili watakuwa sawa. Je, yupi kati yao afute?

Hadi hapa kelele imekuwa mvurugaji tu. Lakini inaweza pia kusaidia, na hilo ndilo linalobishaniwa sana na wenzangu wa chama.

Rudini kwenye sinia ya gololi. Safari hii mtu anaiinamisha polepole, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mama anayebembeleza mtoto. Anainamisha kidogo mno, gololi haiwezi kuvuka kilima. Wewe uko mbali, huioni sinia, unaona tu gololi iko bonde gani. Utaona nini? Hutaona chochote. Gololi imekaa kushoto asubuhi hadi jioni, na ule mdundo wa kuinamisha umepotea kabisa. Sasa ongeza kelele, itikise sinia ovyo ovyo. Ukiitikisa mno, gololi inarukaruka kama punje za bisi na hutambui lolote. Lakini kuna kiasi cha katikati. Kelele peke yake haitoshi kuvusha gololi, na mwinamo peke yake hautoshi, ila mwinamo unapokishusha kilima kidogo, kelele inamalizia. Gololi inavuka kulia sinia inapoinama kulia, inarudi kushoto sinia inapoinama kushoto. Wewe uliye mbali sasa unauona mdundo ambao bila kelele usingeuona kamwe. Kelele imeibua ishara iliyokuwa imezikwa!

Anayebisha aende sokoni. Mnunuzi wa mahindi akijaziwa gorogoro husema, "Tikisa, mama!" Punje zilizokwama juu ya wenzake zinapata kumbo na kuangukia nafasi zilizo wazi, na mnunuzi anapata punje zaidi. Asipotikisa anapunjika. Akitikisa kama mwendawazimu, mahindi yanamwagika chini. (Muuzaji ndiye asiyependa fizikia hii.)

Jambo hili wataalamu wameliita kwa jina refu ambalo kwa lugha yetu naweza kusema ni "mwitikio wa bahati nasibu". Wazo lenyewe halikuanzia kwenye mwanga. Mwaka 1981 Waitalia watatu, Benzi, Sutera na Vulpiani, walilitoa, na baada ya muda mfupi lilitumiwa kujaribu kueleza kwa nini dunia imekuwa ikiingia na kutoka katika enzi za barafu kila baada ya miaka kama 100,000, ilhali badiliko la mwendo wa dunia kulizunguka jua ni dogo mno kuleta barafu peke yake. Kama maelezo hayo yanaitosha barafu au la, wenyewe bado wana ubishi. Lakini mwaka 1988 McNamara, Wiesenfeld na Roy waliliona jambo hilo kwa macho katika leza ya mviringo, ambamo mwanga unaweza kuzunguka upande wa saa au kinyume chake, hali mbili hizo. Walichanganya kelele makusudi na ishara ikaonekana vizuri zaidi. Na mwaka 2014, huko Lausanne nchini Uswisi, Abbaspour na wenzake walilionyesha kwa hao popo wetu wa galiamu arsenaidi. Waliipa leza mdundo hafifu ambao haukuweza kuvusha mwanga kutoka hali ya chini hadi ya juu, kisha wakaongeza kelele kwa vipimo. Kelele kidogo haikufaa, na kelele nyingi iliharibu. Ya katikati ikaufanya mwanga upande na kushuka kwa kufuata mdundo.

Rafiki yangu tunayekaa dawati moja amenipinga vikali, na nitamtendea haki. Anasema, "Hiyo ni sarakasi ya maabara. Katika maisha, kelele ikigusa kumbukumbu ni balaa." Ana ushahidi wa nguvu. Mwaka 2003 huko Ubelgiji, katika mji wa Schaerbeek, kura zilikuwa zikihesabiwa kwa kompyuta, na mgombea mmoja akapata kura 4,096 za ziada. Iligunduliwa kwa sababu kura zake zilikuwa nyingi kuliko zilizowezekana. Wanaojua hesabu za kompyuta waliiona ile 4,096 wakashtuka, maana ni mbili ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara kumi na mbili. Yaani chembe moja tu ya kumbukumbu ilikuwa imeruka kutoka sifuri hadi moja. Programu ilikaguliwa, kosa halikuonekana, na kinachodhaniwa ni kwamba chembe ya mnururisho kutoka angani iliipiga kumbo. Gololi moja iliruka kilima, na nusura kura za watu ziharibike.

Nakubaliana naye kwamba ni balaa. Lakini hebu tazama jinsi balaa lilivyogunduliwa. Namba ya ajabu haikufutwa! Karani angeweza kusema, "Hii haiwezekani, wacha nisahihishe iwe kama inavyotarajiwa," na mambo yangekwisha hapo. Waliiacha ilivyo, wakahesabu upya, na ile tofauti yenyewe ikawaonyesha mahali pa kutazama. Kwa hiyo mfano wa rafiki yangu unanisaidia mimi kuliko yeye, na nimekwisha kumwambia hivyo.

Wala msidhani kwamba vifaa vikiboreshwa kelele itaisha. Kinyume chake ndicho kweli. Kwa mwanga wa leza ya kawaida, fotoni zikiwa 1,000,000, kuyumba kwake ni kama kipeuo cha pili cha namba hiyo, yaani 1,000. Hiyo ni moja kwa elfu, nani atajali? Fotoni zikiwa 100, kuyumba ni 10, yaani moja kwa kumi. Kila mtu anataka kifaa kidogo kinachokula nishati kidogo, kiwe na fotoni chache. Basi anaikaribisha kelele chumbani. Mtaalamu wa kesho ambaye hajui kelele atakuwa kama nahodha asiyejua upepo, na watakaosoma elektroniki baada ya kutoka hapa, na wamo humu humu shuleni, watakuta hili limewangoja mlangoni.

Sasa tutazame maabara yetu wenyewe. Nimeona kwa macho yangu jinsi majaribio yanavyofanywa. Vipimo vitatu vinachukuliwa. Viwili vinafanana, cha tatu kinakataa. Kifutio kinatoka mfukoni. Wengine hawangoji hata kupima. Wanachora mstari ulionyooka kwanza, kisha wanatafuta namba za kuukalia, na nukta zote zinapangana kama askari. Wanaita kupika. Mimi hata ugali kwangu ni mtihani, sembuse namba. Na jambo linaloudhi ni kwamba anayepika anasifiwa kwa grafu maridadi, huku aliyepima kweli akiulizwa kwa nini nukta zake zimetawanyika kama mbuzi waliokosa mchungaji.

Kwa heshima zote kwa walimu wetu, naelewa shida iliyopo. Mtihani wa taifa unataka mstari, muda ni mfupi, vifaa ni vichache, na darasa lina watu wengi. Mwalimu hawezi kukaa nasi kujadili kila nukta iliyopotoka. Lakini anaweza kutoa alama kwa mtawanyiko ulioandikwa kwa uaminifu, hata ikiwa alama moja tu. Mwanafunzi akijua kwamba kipimo kilichokataa kina thamani, hatakuwa na sababu ya kukifuta. Akikiandika, ataanza kujiuliza. Je, ni kidole changu kilichochelewa kwenye saa? Ni upepo wa dirishani? Ni joto la waya? Au ni kitu kinachoruka kati ya hali mbili bila mimi kujua? Hili la mwisho si kichekesho. Mshale wa ameta yetu kuukuu hukwama, na hata mwalimu huigonga kwa kidole ili usogee mahali pake pa kweli. Ile kofi ndogo ni kelele inayosaidia, ingawa hakuna aliyewahi kutuambia hivyo.

Chama chetu cha Kiswahili nacho kisikae kando kikidai hii ni kazi ya chama cha sayansi. Nilipokuwa nikiandika makala haya nilihangaika kutafuta maneno. Kelele ninayo, kizingiti ninacho, mdundo, kumbo, mtawanyiko, vyote vipo na ni vitamu. Lakini ile tabia ya kifaa kukumbuka kilikotoka, ambayo Wazungu wameipa jina la Kigiriki, sisi tuiiteje? Nimefikiria "ubaki-nyuma", halafu nikafikiria "ukaidi", na hili la pili ndilo lililonipendeza zaidi, maana kifaa kinakataa kugeuka ingawa umeondoa sababu. Mwenye neno bora alilete mkutano ujao.

Na kwa darasa letu nina pendekezo moja ambalo halihitaji leza wala galiamu arsenaidi. Tufunge uzi wa sentimita 50 na jiwe dogo, kila mtu ahesabu mizunguko 20 peke yake, aandike sekunde zake ubaoni bila kutazama za mwenziwe. Kwa hesabu ya vitabuni jibu ni kama sekunde 28.4. Tusitafute wastani upesi. Tuchore kwanza ni wangapi wamepata 28.1, wangapi 28.2, wangapi 28.3, hadi mwisho, tuone umbo la kelele yetu wenyewe. Uzi upo, mawe yamejaa uwanjani, na saa za kupimia nimehakikisha kabatini, zinazofanya kazi ni sita.